Mtakatifu Elizabeti wa Thüringen: mwenye mashamba, mjane na mtumishi wa maskini



Katika Maandiko Matakatifu, mwaka wa yubile ulikuwa mwaka wa kurudisha mashamba kwa wenyewe, wa kuwafungua watumwa na wa kuwakumbusha watu kwamba nchi yote ni mali ya Mungu, na sisi tu wageni tuliokaribishwa humo. Ndiyo sababu tumeona vema kuweka katika kitabu hiki maisha ya mama mmoja aliyezaliwa katika utajiri, akaolewa katika utajiri, akapigania fungu lake alipofiwa na mume, na mwisho akawapa maskini yote aliyopata.

Jina la Elizabeti si geni kwetu. Mama na wasichana wengi wamelipokea katika ubatizo. Wengine wameliwekwa kwa heshima ya mzazi wa Yohane Mbatizaji, na wengine kwa heshima ya huyu tunayemweleza hapa, ambaye sikukuu yake ni tarehe 17 Novemba. Katika picha nyingi anaonekana akiwa na maua ya waridi katika nguo yake. Yasemwa kwamba siku moja alikuwa akiwapelekea maskini mikate kwa siri, na alipoulizwa amebeba nini, mikate ikageuka maua. Hadithi hiyo ni nzuri, lakini waliokaa naye hawakuisimulia. Sisi tutafuata hasa ushuhuda wa wanawake wanne waliomtumikia, walioulizwa kwa kiapo baada ya kifo chake, na barua ya padri aliyemwongoza. Hao walimwona kwa macho yao.

MTOTO WA MFALME KATIKA NCHI YA UGENI

Elizabeti alizaliwa mwaka 1207. Baba yake alikuwa Andreas wa Pili, mfalme wa Hungaria. Mama yake, Gertrud, alikuwa Mjerumani wa ukoo mkubwa wa Andechs, katika nchi ya Bavaria. Ndugu wa tumbo moja wa mama huyo ndiye Mtakatifu Hedwig wa Silesia, anayekumbukwa na Eklezya katika mwezi wa Oktoba.

Nyakati zile wakubwa wa Ulaya walifunga urafiki kati ya nchi zao kwa kuozesha watoto wao. Mwaka 1211, Elizabeti akiwa na miaka minne tu, wajumbe walimchukua na kumpeleka Thüringen, katikati ya Ujerumani, ili akue kati ya wakwe zake. Alikuwa ameposwa kwa mwana wa Hermann, mtawala wa nchi ile. Aliondoka na vyombo vya zahabu na feza na nguo za hariri, maana mfalme alitaka utajiri wa binti yake uonekane mbele ya wote.

Mtoto huyo hakukaa tena kwao. Mwaka 1213 mama yake aliuawa na wakubwa wa Hungaria waliomchukia. Mwaka 1217 mtawala Hermann naye alikufa, na mwana wake Ludwig akashika utawala. Wakati ule watu wengine wa nyumbani walimshauri Ludwig amrudishe msichana kwa baba yake. Walimwona anapenda mno kusali, hana kiburi cha wakubwa, tena hawakutumaini kupata faida zaidi kwake. Ludwig hakuwasikiliza. Mwaka 1221 walifunga ndoa: Elizabeti alikuwa na miaka 14, na Ludwig kama miaka 20.

Ndoa yao ilikuwa ya mapendo ya kweli. Katika karamu Elizabeti aliketi karibu na mume wake, jambo lisilokuwa desturi ya wakubwa. Usiku alipoamka kusali, Ludwig alimshika mkono, akimwomba asijichoshe. Mungu aliwapa watoto watatu: Hermann, Sophia na Gertrud.

CHAKULA HIKI KIMETOKA WAPI?

Makao yao yaliyojulikana zaidi yalikuwa boma la Wartburg, lililojengwa juu ya mlima, na chini yake mji wa Eisenach. Watu wa bomani hawakulima. Nafaka, nyama, divai na asali vilipandishwa kutoka mashamba na vijiji vya mtawala, na waliovitoa ni wakulima. Kulikuwa na mavuno yaliyodaiwa kwa haki, lakini kulikuwa pia na yale ambayo wasimamizi waliwanyang'anya watu wadogo kwa nguvu.

Mwaka 1226 padri Konrad wa Marburg, mhubiri maarufu, alikuwa amekwisha kuwa mwongozi wa roho ya Elizabeti. Yeye alimwamuru asile chakula chochote asichoweza kula kwa zamiri safi. Amri hiyo ilileta jambo lisilopata kuonekana katika boma la wakubwa. Elizabeti alipoketi mezani, aliuliza kila chakula kimetoka shamba gani, na kama kimepatikana kwa haki. Kikiwa cha haki, alikula kwa furaha pamoja na wanawake waliomtumikia. Kikiwa cha kunyang'anya, alikigawanya na kukisogeza huku na huku ili wageni wazani kwamba anakula, kisha akaondoka na njaa. Mara nyingine chakula kilikuwa halali lakini divai haikuwa halali; basi alikula na hakunywa.

Ludwig hakumzuia. Aliwaambia wanawake wale kwamba yeye mwenyewe angependa kufanya vile, kama asingeogopa maneno ya watu wa nyumba yake. Tukumbuke kwamba Elizabeti alikuwa na miaka 19. Sadaka alikuwa amekwisha kuitoa tangu utoto. Sasa alijifunza kwamba sadaka peke yake haitoshi, ikiwa mkono mmoja wapokea kilichoibwa kwa mkulima na mkono wa pili wamrudishia kipande cha mkate.

NJAA KUBWA

Mwaka ule ule wa 1226 njaa kali iliipata Ujerumani. Ludwig alikuwa Italia, amekwenda kwa Kaisari Friedrich wa Pili, na Elizabeti alibaki kuangalia nchi. Alifungua gala za mume wake, akagawa nafaka kila siku, kwa kiasi cha kumtosha mtu siku ile. Chini ya boma alifanya nyumba ya wagonjwa wasioweza kupanda mlima. Aliwatembelea asubuhi na jioni, akawalisha na kuwasafisha kwa mikono yake, akivumilia harufu ambayo watumishi walishindwa kuivumilia. Watoto maskini aliowatunza humo walimkimbilia na kumwita mama. Akiba ya nafaka ilipopungua, aliuza mapambo yake na nguo zake za thamani.

Tena hakuwaacha watu katika kuomba tu. Mavuno mapya yalipokaribia, aliwaita wote wenye nguvu ya kufanya kazi. Aliwapa mashati, na viatu ili mabua makavu yasiwachome miguu, na mundu kwa ajili ya kuvuna, wapate kula jasho lao wenyewe. Ndivyo alivyorudisha heshima ya watu pamoja na kushibisha matumbo yao.

Ludwig aliporudi, wasimamizi walimwendea kumshitaki mke wake kwamba amemaliza mali. Yeye aliwajibu kwamba wamwache awafanyie maskini mema, mradi tu maboma mawili ya Wartburg na Neuenburg yabaki mikononi mwao.

MJANE NA MASHEMEJI

Mwaka 1227 Ludwig aliondoka pamoja na askari wa vita vya msalaba kuelekea Nchi Takatifu. Hakufika. Tarehe 11 Septemba alikufa kwa homa katika mji wa Otranto, Italia, akisubiri kuvuka bahari. Siku chache baadaye, kabla ya habari kufika, Elizabeti alimzaa Gertrud. Alipoambiwa msiba, alilia kwa uchungu mwingi, akisema kwamba dunia yote na furaha yake vimemfia. Alikuwa mjane wa miaka 20, mwenye watoto watatu.

Hapa yatupasa kueleza desturi ya nchi ile. Mwanamume mkubwa alipooa, alimtengea mke wake mashamba na mapato yake, ili akifiwa asiwe ombaomba. Lilikuwa fungu la mjane, na lilikuwa haki yake. Lakini Heinrich Raspe, mdogo wa Ludwig, alishika utawala kwa sababu mtoto Hermann alikuwa na miaka mitano tu, na mashamba ya Elizabeti yakazuiliwa. Wakati wa baridi Elizabeti aliondoka Wartburg. Wanawake wake walishuhudia kwamba alifukuzwa na watu wa shemeji yake. Kuna waandishi wanaoona kwamba alijiondoa mwenyewe, kwa kuwa hakutaka kula tena vitu vya kunyang'anya. Kwa vyovyote, aliyekuwa bibi wa nchi alijikuta hana mahali pa kulala.

Usiku wa kwanza alipewa pango katika uwanja wa nyumba moja ya Eisenach, mahali palipokuwa pa nguruwe. Saa ya usiku wa manane alikwenda kwa watawa wa Mtakatifu Fransisko, akawaomba waimbe wimbo wa kumshukuru Mungu kwa ajili ya taabu yake. Kesho yake hakuna mtu aliyesubutu kumkaribisha, kwa kuogopa wakubwa wapya. Watoto wake waliletwa kwake katika baridi kali, naye hakuwa na chakula cha kuwapa. Akalazimika kuwaachanisha na kuwapeleka mbali, mahali watakapolishwa.

Jamaa ya mama yake ikamkumbuka. Mama yake mdogo, mkubwa wa masista wa Kitzingen, alimpokea. Kisha mjomba wake Ekbert, Askofu wa Bamberg, alimweka katika boma la Pottenstein, akataka kumwoza tena kwa mtu mkubwa. Elizabeti alikataa kabisa, maana alikuwa amemwahidi Mungu kukaa bila mume ikiwa Ludwig atakufa kwanza. Mwaka 1228 mifupa ya Ludwig ilipitishwa Bamberg ikielekea kuzikwa katika monasteri ya Reinhardsbrunn. Mjane aliipokea kwa machozi, akamshukuru Mungu kwa kumwonyesha mabaki ya yule aliyempenda, akasema kwamba hata kama angeweza, hangemrudisha duniani kinyume cha mapenzi ya Mungu.

ALIZUIWA KUTUPA MALI YAKE

Ijumaa Kuu ya mwaka 1228, katika kanisa dogo la watawa wa Mtakatifu Fransisko huko Eisenach, Elizabeti aliweka mikono juu ya altare iliyo tupu, akaacha mapenzi yake mwenyewe na fahari yote ya dunia. Alipotaka kuacha pia mali yake, padri Konrad alimwondoa kwenye altare. Alimwonyesha kwamba kuna madeni ya mume wake yasiyolipwa, na kuna maskini ambao fungu lake la ujane laweza kuwasaidia.

Wakristu wapendwa, tuangalie vema jambo hili. Mali iliyo mikononi mwa mashemeji ingebaki kuwa mali ya mashemeji. Kama Elizabeti angeiachilia kwa kisingizio cha utakatifu, angewanufaisha waliomzulumu, na maskini wangebaki na njaa. Kudai haki haikuwa tamaa. Papa Gregori wa Tisa alimweka mjane huyu chini ya ulinzi wake, na Konrad akawa mtetezi wake. Baada ya maneno mengi, mashemeji walikubali kumpa marki 2,000 za feza, na mashamba ya Marburg ayatumie muda wote wa maisha yake. Marki ilikuwa kipimo cha uzito wa feza, na kiasi hicho kilikuwa utajiri mkubwa.

Basi alifanya nini na utajiri huo? Siku moja aliwakusanya maskini wa vijiji vya kando kando ya Marburg, akawagawia marki 500. Jioni wenye nguvu walikwenda zao, lakini wagonjwa na wazaifu walibaki uwanjani. Elizabeti aliwaona katika mwanga wa mwezi, akaagiza waongezewe feza na mikate, na mioto iwashwe ili wapate joto. Maskini wale wakaanza kuimba, naye akafurahi pamoja nao.

HOSPITALI YA MARBURG

Mali nyingine ilijenga hospitali huko Marburg, katika mwaka ule ule wa 1228. Elizabeti aliiweka chini ya ulinzi wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi, aliyekufa mwaka 1226 na kutangazwa kuwa mtakatifu tarehe 16 Julai 1228. Yeye mwenyewe alivaa nguo ya kijivu ya watu wadogo, akafanya kazi humo kama mtumishi. Aliwaogesha wagonjwa, akatandika vitanda vyao, akawafunika. Alimtunza mtoto yatima mwenye kupooza, aliyehitaji kubebwa usiku mara nyingi ili kujisaidia. Baada ya mtoto huyo kufa, alimchukua msichana mwenye ukoma, akamficha asije akazuiwa kumtunza.

Watumishi wake hakutaka wamwite Bibi. Aliwaamuru wamwite Elizabeti tu, wakae kando yake na kula naye katika sahani moja. Alisokota sufu iliyotoka kwa masista wa Altenberg, akapokea mshahara kama fundi mwingine yeyote. Mfalme baba yake alipotuma mtu mkubwa kumrudisha Hungaria, mjumbe alimkuta akisokota, akashangaa kuona binti wa mfalme katika kazi ile. Elizabeti hakukubali kurudi.

Hatuwezi kuficha kwamba padri Konrad alimwongoza kwa ukali uliopita kiasi. Aliwafukuza wanawake wawili waliompenda tangu zamani, Guda na Isentrud, na mara nyingine aliamuru apigwe. Eklezya haikumtangaza Elizabeti kuwa mtakatifu kwa sababu ya fimbo hizo, wala haituagizi kuzifuata. Inamheshimu kwa mapendo yake, ambayo fimbo hazikuyaharibu. Hata katika miaka ile ya ukali, waliomtumikia walishuhudia kwamba aliwataka watu wote wafurahishwe, na kwamba uso wake ulikuwa wa furaha.

KIFO NA UTUKUFU

Katika Novemba 1231 alishikwa na homa. Konrad alipomwuliza kuhusu mali yake, alijibu kwamba yote yanayoonekana kuwa yake ni ya maskini, akaomba wagawiwe yote, isipokuwa nguo ile mbovu ya kuzikiwa. Alikufa usiku wa kuamkia tarehe 17 Novemba, akiwa na miaka 24. Alizikwa katika kanisa dogo la hospitali yake, na umati wa maskini ukamlilia.

Wagonjwa walianza kufika kwenye kaburi lake, na wengi walishuhudia kwamba wamepona. Wajumbe wa Papa walisikiliza mashahidi, na tarehe 27 Mei 1235, siku ya Pentekoste, Papa Gregori wa Tisa alimtangaza kuwa mtakatifu katika mji wa Perugia. Mwaka uliofuata, mifupa yake ilipohamishwa kwa heshima, Kaisari Friedrich wa Pili mwenyewe alikuwapo. Kanisa kubwa la Marburg linaloitwa kwa jina lake lilianza kujengwa mwaka 1235, likabarikiwa mwaka 1283, na hata leo limesimama.

Na watoto wake? Hermann alikufa kijana, mwaka 1241. Gertrud akawa sista, kisha mkubwa wa monasteri ya Altenberg, na Eklezya humwita mwenye heri. Sophia aliolewa na mtawala wa Brabant, nchi ambayo sehemu yake leo ni Ubelgiji, na mwana wake akawa mtawala wa kwanza wa Hessen. Heinrich Raspe, aliyeshika mashamba ya mjane, alikufa mwaka 1247 bila mtoto, na ukoo wa watawala wale ukakatika katika wanaume.

MAFUNDISHO KWA YUBILE YETU

Maisha haya yametuachia mambo matatu ya kuwaza.

La kwanza ni juu ya wajane. Yaliyompata Elizabeti si ya Ujerumani wa kale tu. Hata kwetu yaonekana kwamba matanga hayajaisha, na tayari vitanda, sahani na hata mabati ya nyumba vimegawanywa na ndugu za marehemu, huku mama na watoto wakisimama nje. Sheria ya jamaa ya nchi yetu, ya mwaka 1987, inamhesabu mwenzi aliyebaki kati ya warithi. Sheria ya Mungu ilisema zamani zaidi kwamba kilio cha mjane chafika mbinguni. Mkristu anayemnyang'anya mjane wa ndugu yake hawezi kukaribia meza ya Bwana kwa zamiri safi.

La pili ni juu ya chanzo cha mali. Tuna desturi ya kuuliza mtu ametoa kiasi gani. Elizabeti aliuliza kwanza kimetoka wapi. Mwenye shamba, mwenye duka, mwenye kiti cha ofisi, na hata sisi tunaokusanya michango kanisani, tuweze kujibu swali hilo bila kuona haya.

La tatu ni juu ya matumizi. Elizabeti hakuabudu mali, wala hakuizarau. Aliishika kwa muda, akaigeuza kuwa mundu, viatu, kitanda cha mgonjwa na moto wa usiku wa baridi. Mashamba yenyewe hakuyamiliki milele. Alipewa kuyatumia muda wa maisha yake tu. Je, sisi tumepewa zaidi ya hapo? Nyumba hii ya Mungu tunayoishangilia leo imejengwa kwa jasho la watu ambao wengi wao wamekwisha kulala. Tumeipokea kama amana, nasi tutawaachia wengine.

Mtakatifu Elizabeti, aliyelala mahali pa nguruwe na kumshukuru Mungu, awaombee wajane na yatima wa paroki yetu, awaombee wote wanaotunza wagonjwa, na atuombee sote tulio na kitu mikononi, ili siku ya kuulizwa tuonekane wasimamizi waaminifu. Amina.